Cherehani Kikuukuu cha Mkono: Tathmini Baada ya Miezi 9 ya Kukarabati Nguo

Cherehani ninachokiandikia tathmini hii kimetengenezwa kwa chuma cha kusubu kilichopakwa rangi nyeusi, huzungushwa kwa mkono, na pamoja na kitako chake cha mbao kina uzito wa karibu kilo 14. Maandishi ya dhahabu yaliyokuwa shingoni yamefutika, jina la mtengenezaji halisomeki tena, na mimi sitalibahatisha. Umbo lake ni la daraja la 15, mtindo ulioanzishwa na kampuni ya Singer katika karne ya 19 na kuigwa baadaye na viwanda vingi, hasa vya Japani katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Nilikinunua kikiwa kimetumika, kutoka kwa bibi mmoja aliyekuwa akipunguza vitu nyumbani kwake, na kwa miezi 9 nimekitumia kwa kazi moja tu, yaani kukarabati nguo na vitambaa vya nyumba yenye watu 5. Sijashona nguo mpya hata moja. Kwa hiyo tathmini hii haimlengi fundi wala mtu anayetaka kujifunza mitindo. Inamlenga mtu anayejiuliza kama ule ubanaji wa matumizi wa bibi zetu, wa kuziba tundu kabla halijawa pengo, bado una nafasi katika nyumba ya leo, na kama kifaa cha namna hii kitamsaidia au kitabaki kuwa kitu kingine cha kupanguswa vumbi.

Kabla ya hiki nilikuwa na cherehani cha umeme, chepesi, kipya kabisa, chenye mishono ya mapambo zaidi ya 20 ambayo sikuwahi kuitumia. Kilidumu mwaka mmoja na miezi kadhaa. Siku moja nilipokuwa nashona upindo wa suruali nzito, sindano ilikwama, nikasikia kitu kikikatika ndani, na tangu hapo gurudumu likawa linazunguka lakini sindano haishuki. Fundi aliyekifungua alinionyesha gia ya plastiki, ndogo kama kifungo cha koti, iliyong'oka meno mawili. Alinieleza kwamba gia hiyo haiuzwi peke yake, kwamba huja pamoja na kipande kizima ilimopachikwa, na kwamba kipande hicho pamoja na ujira wake vingekaribia bei ya cherehani kipya. Niliumia sana siku ile, kuliko hasara yenyewe ilivyostahili, kwa sababu kifaa nilichokinunua ili nisitupe vitu ovyo kilikuwa kimeundwa ili kitupwe. Tangu hapo nimekuwa na kipimo kimoja ninapotazama chochote kinachouzwa kwa jina la kubana matumizi, nacho ni kama kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida na kama kilichomo ndani kinaweza kubadilishwa kimoja kimoja. Cherehani hiki cha mkono kinashinda katika kipimo hicho. Kila skrubu inaonekana na kila chuma kinachosugua kingine kina tundu lake la kutilia mafuta, na mtu asiye fundi kama mimi nimeweza kukifungua na kukirudishia bila kubakiwa na kipande mkononi.

Siku ya kwanza, hata hivyo, hakikunifurahisha. Mpini ulikuwa mgumu kiasi kwamba nilidhani kutu imekwisha kukila ndani. Bibi aliyeniuzia alikuwa ameniambia, "Mwanangu, hiki hakitaki mengi. Kitie mafuta, usikiache kikalala, na ukikisikia kinalalamika simama kwanza, usikilazimishe." Nilimshukuru lakini sikuyatilia maanani maneno yake mpaka nilipokuwa peke yangu mezani, nikisukuma mpini kwa mikono miwili. Haikuwa kutu. Mafuta ya zamani yakikaa miaka mingi bila mashine kuzungushwa hukauka na kuwa ute wa rangi ya asali iliyoungua, na ute huo hugandisha kila kiungo. Dawa yake imo katika vijitabu vya maelekezo vya zamani, ambavyo siku hizi hupatikana bure kwenye intaneti, nayo ni tone moja moja la mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta, kisha kuzungusha taratibu, kuacha usiku kucha, kufuta uchafu unaotoka, na kurudia. Nilirudia mara tatu. Matambara niliyofutia yalitoka meusi, baadaye ya kahawia, mwishowe karibu safi. Ndipo nikatia mafuta ya cherehani yenyewe, yale mepesi yasiyo na rangi, na asubuhi ya siku ya nne gurudumu lilizunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja, bila sauti isipokuwa mlio mdogo wa chuma kinachoteleza juu ya chuma.

Hapa nitoe tahadhari mbili kwa yeyote atakayefuata njia hii. Ya kwanza ni kwamba mafuta ya kupikia yasitumike kabisa, hata kwa dharura, kwa maana ndiyo yanayokauka upesi na kugeuka gundi. Ya pili ni kwamba spiriti na vimiminika vikali vya kusafishia visigusane na ile rangi nyeusi inayong'aa. Vyerehani vingi vya zamani vilipakwa vanishi inayoyeyushwa na spiriti, na mapambo ya dhahabu huondoka pamoja nayo kwa mfuto mmoja. Nadhani ndivyo jina la hiki changu lilivyopotea.

Gharama ya ziada ilikuwa ndogo. Pete ya mpira inayozungusha bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, wakati wa kuijaza uzi ilikuwa imekauka na kupasuka, na pete ya namna hiyo bado hutengenezwa na huuzwa kama kipuri cha kawaida. Nilibadilisha pia sindano. Katika droo ya kitako vilikuwamo vibiringo 11 vya nyuzi za pamba za rangi nzuri sana, na nilifurahi nikidhani nimepata akiba ya bure, lakini nilipoushika uzi wa kwanza kwa vidole viwili na kuuvuta, ulikatika bila upinzani wowote, na wa pili vivyo hivyo. Uzi wa pamba huzeeka. Ukiuweka kwenye shati utakuwa umeshona leo na kufumuka baada ya kufuliwa mara mbili, na kazi itaanza upya. Nilibakiza vibiringo viwili vilivyostahimili mvuto, vingine nimewaachia watoto wavichezee, nami nikanunua uzi mpya wa poliesta wa rangi 4, ambazo ni nyeupe, nyeusi, bluu ya giza na kijivu. Kijivu hukubaliana na rangi nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Mtu anayefikiria kununua cherehani cha namna hii ajue kwanza mshono wake. Ni ule wa nyuzi mbili zinazofungana. Uzi wa juu hupitia sindano yenye tundu karibu na ncha, uzi wa chini hutoka kwenye bobini, na kindoano kilicho chini ya sahani ya chuma ambayo kitambaa hupita juu yake hukamata kitanzi cha uzi wa juu na kukizungusha kuizunguka bobini, hivyo nyuzi mbili zinafungana katikati ya unene wa kitambaa. Kanuni hiyo ina karibu miaka 200. Walter Hunt wa Marekani aliunda mashine ya mshono huo katika miaka ya 1830 na hakuiwekea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, Elias Howe akapata hataza yake mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Tangu hapo vimeongezwa mota, taa, mishono ya mapambo na vioo vya kugusa, lakini mshono ulionyooka unaoshika suruali yangu leo ni uleule. Kwa mtu anayekarabati jambo hili ni la manufaa sana, kwa sababu sindano na bobini za daraja la 15 bado ni za kawaida kabisa, na sindano ninayoweka kwenye chuma hiki kikongwe huwekwa pia kwenye cherehani kipya cha nyumbani kinachotoka kiwandani mwaka huu.

Kurekebisha mkazo wa nyuzi ndiko kunakowakatisha wengi tamaa, na mimi pia kulinichukua jioni mbili. Njia iliyonisaidia ilikuwa kushona kipande cha jaribio kwa uzi mwekundu juu na mweupe chini. Vitone vyekundu vikionekana upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Vitone vyeupe vikijitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno. Skrubu ya mkazo wa uzi wa juu huzungushwa robo kwa robo mpaka kila upande ubaki na rangi yake. Baada ya hapo sijaigusa skrubu hiyo ila nilipohama kutoka kitambaa chepesi kwenda kizito.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kila mzunguko mmoja wa mpini hutoa mishono mitatu. Mkono wa kulia unazungusha na wa kushoto unaongoza kitambaa, maana yake ni kwamba mtu anashona kwa mkono mmoja, na mwanzoni hilo hulemaza, kwa kuwa tumezoea kukishika kitambaa kwa mikono miwili na kuuachia mguu kazi ya mwendo. Nilipozoea nikaona faida yake. Katika ukarabati, sehemu kubwa ya kazi ni mishono michache iliyowekwa mahali pagumu, kama vile pembeni mwa mfuko, juu ya unene wa mishono minne iliyokutana, au kwenye ukingo wa kiraka pale kinapopinda. Cherehani changu cha umeme kilikuwa kikiruka mbele kabla sijawa tayari. Hiki kinasimama palepale ninaposimama, na mshono mmoja ni mshono mmoja. Kwenye unene wa jinzi ninauzungusha mpini polepole, ninaihisi sindano ikigusa kitambaa, ikisita, kisha ikipenya, na nikihisi kwamba inapinda ninarudi nyuma kabla haijavunjika. Katika miezi 9 nimevunja sindano 2 tu, zote mwezi wa kwanza.

Kazi iliyonionyesha thamani ya kifaa hiki kuliko zote ilikuwa ya shuka. Shuka huchakaa katikati, pale mwili unapolala, ilhali pembeni kitambaa hubaki kigumu na kizima kama kilivyonunuliwa. Watu wa zamani walilijua hilo, na walikuwa na njia yake, ambayo ilifundishwa pia Uingereza wakati wa vita, nguo zilipogawiwa kwa kuponi kuanzia Juni 1941 na serikali ikachapisha mwaka 1943 kijitabu cha kuwafundisha watu kukarabati walichonacho. Njia yenyewe ni kuichana shuka katikati kwa urefu, kuvigeuza vipande viwili ili pindo za nje zikutane na kuwa katikati mpya, kuziunga, kisha kukata sehemu iliyochakaa sana ukingoni na kuipinda. Nilikuwa na shuka 6 za pamba ambazo nilikuwa nimeshazitenga ziwe matambara. Nilizishika moja moja dhidi ya mwanga wa dirisha. Katikati kitambaa kilionyesha mwanga kama chujio, na pembeni hakikuonyesha kitu.

Shuka ya kwanza ilinichukua saa mbili na nusu, na nilifanya kosa la kuunga kwa mshono wa kawaida ulioacha ukingo mnene chini, jambo ambalo mlalaji alilihisi usiku uleule na kunieleza asubuhi bila kuficha. Niliifumua. Mara ya pili nilizilaza pindo mbili zile, moja juu ya nyingine kwa upana wa kidole, nikashona mistari miwili sambamba, na muungano ukawa bapa. Shuka ya mwisho ilinichukua dakika 50. Zote 6 bado zinatumika hadi leo, na 4 kati yake nazikadiria kuwa na miaka mingine kadhaa. Ubaya ni kwamba shuka inapungua upana kwa kiasi cha sehemu iliyokatwa pembeni, kwa hiyo shuka iliyokuwa ikitosha kitanda kikubwa kwa shida haitatosha tena na itabidi ihamie kitanda kidogo. Mbili zangu zimehamia kwa watoto. Cherehani cha mkono kwa kazi hii kina tatizo moja la kweli, kwamba shuka ni nzito, inaning'inia kutoka mezani na kuuvuta mshono upinde, na mkono mmoja wa kuongoza hautoshi. Niliweka kiti upande wa kushoto kupokea uzito wa kitambaa, na hapo mstari ukanyooka.

Suruali za jinzi ndizo zilizofuata kwa faida. Zinachanika mapajani, na zinachanika baada ya kuonya kwa muda mrefu, kwa maana kitambaa hupauka, kikawa laini, kikaonyesha nyuzi nyeupe za mlalo, na ndipo siku moja kikaachia mtu akiwa anainama. Zamani nilikuwa nasubiri siku hiyo. Sasa ninaingilia kitambaa kinapopauka. Ninaweka kipande cha jinzi kuukuu upande wa ndani, chenye ukubwa unaozidi sehemu iliyodhoofika kwa upana wa vidole viwili kila upande, ninakibana kwa pini, na kukishona kwa mistari mingi ya kwenda na kurudi, umbali wa milimita 5 hivi kati ya mstari na mstari, ikifuata mwelekeo wa ufumaji. Uzi wa bluu ya giza unazama kabisa ndani ya rangi ya kitambaa. Suruali iliyotiwa kiraka kabla haijachanika haionyeshi kiraka, lakini iliyochanika kwanza itaonyesha daima, na kingo za mpasuko zitaendelea kutoka nyuzi kila ikifuliwa. Msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta nimeusikia tangu utotoni, na nilikuwa nikiutumia kwa watu wengine. Sikuwa nimewahi kuupima kwa rula juu ya paja la suruali. Kabla ya kuchanika kazi ni dakika 15, na baada ya kuchanika ni karibu saa nzima, kwa matokeo mabaya zaidi.

Kola za mashati nimezigeuza 5. Kola ikilika kwenye mkunjo, hufumuliwa kutoka kwenye ukanda wake, ikageuzwa upande uliokuwa umefichika uwe juu, na kushonwa tena palepale. Kufumua ndiyo kazi kubwa, kushona ni dakika chache. Matokeo yake ni mazuri kupita nilivyotarajia, isipokuwa kwa mashati ambayo kola yake ina vifungo au mfuko wa vijiti vya kuinyoosha upande wa chini, ambayo hayafai kugeuzwa.

Taulo, foronya, pazia na mifuko ya kubebea vitu sitazieleza kwa kirefu. Ni mistari iliyonyooka, na cherehani hiki kiliumbwa kwa mistari iliyonyooka.

Kinakoshindwa ni kwenye nguo za kuvutika, na sehemu kubwa ya nguo zilizomo kabatini siku hizi ni za namna hiyo. Bibi zetu walikarabati pamba na sufu zilizofumwa zikakaza. Sisi tunavaa fulana, soksi, suruali za mazoezi na hata jinzi zilizochanganywa nyuzi za mpira, na mshono ulionyooka haukunjuki pamoja na kitambaa hicho, bali hukatika kinapovutwa. Nilijaribu. Nilinunua sindano yenye ncha ya duara, inayosukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa, nikarefusha mshono, nikakivuta kitambaa kidogo wakati wa kushona. Fulana ya kwanza ilishika kwa wiki mbili, kisha mshono wa begani ukakatika sehemu tatu wakati mtoto anaivaa. Cherehani chenye mshono wa kupinda kushoto na kulia kingeiweza kazi hiyo, na hiki hakina mshono huo. Fulana na soksi sasa nazishona kwa sindano ya mkono, jioni, nikiwa nasikiliza redio, na zile zilizolegea kitambaa chote sizishoni kabisa. Mtu ambaye kabati lake limejaa nguo za namna hiyo asinunue cherehani hiki akitarajia kuokoa pesa, kwa maana hakitamwokolea.

Zipu pia niliziacha. Mguu maalumu wa kushonea zipu unapatikana na unaingia, lakini kung'oa zipu ya suruali na kurudishia nyingine ni kazi ya mtu aliyeizoea, na fundi wa nguo huifanya kwa muda ambao mimi bado natafuta ncha ya uzi. Nimempelekea fundi zipu 4 kwa moyo mweupe. Ninaamini kwa dhati kwamba kubana matumizi hakumaanishi kumnyima fundi riziki yake. Kinachopaswa kukatwa ni ile nguo mpya inayonunuliwa kwa sababu ya kifungo kimoja na upindo uliofumuka.

Kuhusu hesabu, nimeweka daftari tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikutaka kujidanganya. Ninaandika tarehe, kitu nilichokarabati, dakika nilizotumia, na kama baada ya miezi miwili bado kinatumika. Hadi sasa kuna kazi 74. Kati ya hizo, 58 zinaendelea kutumika, 9 zilishindwa, nyingi zikiwa za fulana za mwezi wa kwanza, na 7 ni mpya mno kuhukumiwa. Nilichokitumia baada ya kununua cherehani chenyewe ni uzi, sindano, chupa moja ya mafuta ambayo haijafika nusu, na ile pete ya mpira. Umeme wa kukiendesha haupo. Sitasema kwamba ni bure, kwa kuwa saa zangu zimo ndani, na mwenye kufanya kazi ya kulipwa kwa saa ataweza kupiga hesabu na kuniambia kwamba shuka ile ya kwanza ilikuwa ghali. Ni kweli, ile ya kwanza ilikuwa ghali. Hata hivyo, saa zile hazikutoka kwenye kazi yangu. Zilitoka kwenye jioni ambazo nisingezilipwa na mtu yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo daftari lilinionyesha na ambalo sikulitarajia. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nakirudisha cherehani sandukuni kila nikimaliza, na nilikarabati vitu 13 tu. Mwezi wa nne nilikiacha mezani kando ya dirisha, kimefunikwa kitambaa, sindano ikiwa na uzi mweusi ndani yake, na tangu hapo idadi imepanda sana. Kapu la nguo zilizosubiri, ambalo kwa miaka lilikuwa na vitu ambavyo watoto walikwisha kuvizidi kimo vikiwa bado vinasubiri kushonwa, sasa liko tupu siku nyingi. Kumbe kilichokuwa kikinirudisha nyuma ni zile hatua za kukitoa, kukiweka, kutafuta uzi na kuanza kuutunga, yaani kazi ya dakika 10 kabla ya kazi ya dakika 3. Cherehani cha mkono kinakaa tayari. Kinahitaji tu mahali pa kudumu katika nyumba, na kwa nyumba iliyobanana hilo ni gharama ambayo mnunuzi anapaswa kuipima kabla hajabeba kilo 14 kupandisha ngazi.

Kwa atakayekwenda kukagua kimoja, nashauri asibabaishwe na vumbi wala ugumu wa mpini, maana hivyo vinaondoka. Atazame mambo ambayo hayaondoki. Afungue sahani na kuhakikisha kasha la bobini limo, na bobini angalau moja. Aulize ni bobini ya aina gani, kwa sababu baadhi ya vyerehani vya zamani zaidi hutumia bobini ndefu nyembamba inayokaa ndani ya kasha lenye umbo la mtumbwi, na vipuri vyake havipatikani kwa urahisi kama vya daraja la 15. Avute kitambaa chini ya mguu wa kukandamiza na kuona kama yale meno madogo ya kusogeza kitambaa bado yana makali. Atikise mpini na gurudumu dogo la gia lililo pembeni, na akiona ufa kwenye chuma, hata uwe mwembamba kama unywele, aache, kwa maana chuma cha kusubu hakiungiki nyumbani. Mwisho azungushe gurudumu mzunguko mzima akisikiliza. Ugumu ulio sawa mzunguko mzima ni wa mafuta yaliyoganda, lakini ugumu unaorudi mahali palepale kila mzunguko huwa ni dalili ya kitu kilichopinda.

Mwanga nao usisahaulike. Cherehani hiki hakina taa, na sindano ipo chini ya kivuli cha shingo yake. Ninatumia taa ya mezani yenye shingo ya kupinda, upande wa kushoto, na kazi ya uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi nimeiwekea mchana peke yake.

Alama ninazokipa ni 8 kati ya 10. Moja nimeitoa kwa sababu ya nguo za kuvutika, na nyingine kwa sababu ya uzito na kule kuongoza kitambaa kipana kwa mkono mmoja. Ningekinunua tena kwa ajili ya nyumba yenye shuka za pamba, suruali nzito na watoto wanaopiga magoti sakafuni. Kwa mtu anayeishi peke yake na kuvaa fulana, ningemshauri anunue pakiti ya sindano za mkono, uzi wa rangi 4 na mkasi mdogo wenye makali, aanze na kifungo ambacho kimekuwa kikining'inia.